Maji ya kifuu

Bwana afya aliyekuja kwetu Kigogo, Dar es Salaam, mwaka 2019 hakuwa na haraka. Aliuruka mtaro unaonuka mbele ya geti, ule ambao sisi wapangaji tulishakubaliana kwamba ndio uliotuletea ugonjwa, akautupia jicho mara moja, akaingia ndani. Tulimfuata na mashitaka yetu mkononi: nyumba ya pili wanafungulia maji ya chooni usiku, vijana wa gereji wanatupa taka humo, hela ya kuzibua imeliwa. Alikuwa anaitikia "mmh, mmh", kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kisha akasimama kwenye pipa langu.

Pipa lenyewe ni la bluu, la lita 200, nililinunua Kariakoo na kulisugua kwa jivu na sabuni siku mbili mpaka harufu ya kilichokuwemo ikaisha. Siku ile maji yalikuwa masafi kiasi cha kuona mshono wa kitako chake. Akatoa upawa mweupe kwenye begi, akainama, akachota taratibu kwenye ukingo, akaniita.

"Unaona nini?"

"Maji."

"Toa kivuli chako. Tulia."

Ndipo nikawaona. Viluwiluwi walikuwa wamening'inia kichwa chini mkia juu, kila mmoja amegusa uso wa maji kwa kijirija chembamba kilichoko mkiani. Hiyo ndiyo pua yao. Nikatikisa mkono, wakazama wote kwa mpigo wakijinyonganyonga, halafu wakaanza kupanda tena, mmoja huku, wawili kule, kuvuta pumzi. Upawa mmoja, nilihesabu kumi na saba.

"Maji haya ya lini?"

Nikasema ya juzi. Mke wangu, ambaye hajawahi kujifunza kunitetea mbele za watu, akasema yana wiki ya pili.

Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa kitandani. Homa ilinikamata Jumanne mchana nikiwa kazini, na kilichonishangaza ni maumivu nyuma ya macho, kama mtu ananikandamiza kwa vidole gumba kutokea ndani. Ukigeuza macho tu kuangalia pembeni, kichwa kinagonga. Viungo navyo vikaanza. Zahanati moja wakanipima malaria, wakaikosa, wakanipa dawa za malaria hivyo hivyo "kwa usalama". Siku ya tano nikatoka vipele mikononi, ndugu wakanipeleka kwingine, wakapima wakasema ni dengi. Huko nilipewa maelekezo ya maana kuliko dawa: paracetamol na maji mengi, na nisiguse aspirini wala diklofenaki, kwa sababu zinaweza kukuzidishia kuvuja damu. Mfukoni nilikuwa na paketi ya diklofenaki niliyoiuziwa duka la dawa asubuhi ile ile.

Nyumba yetu ina vyumba saba. Tuliugua wanne. Mji mzima ulikuwa unaugua mwaka ule, na haikuwa mara ya kwanza, kwani 2014 ilishapita nyingine kubwa, na 2010 kabla yake. Gari la matangazo lilikuwa linapita mitaani kila Jumamosi: fukieni madimbwi, zibueni mitaro, fyekeni nyasi, usafi ni afya. Nami kitandani nilikuwa naitikia kimoyomoyo, huku nikiulaani mtaro. Kumbe aliyenilaza alizaliwa kwenye maji niliyokuwa nasafishia kinywa.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuchosha kidogo. Nikialikwa kwenye nyumba ya mtu, macho yanatafuta ndoo. Na nimefikia kuamini kwamba tunapozungumza kuhusu maji yaliyotuama tunamshitaki asiyehusika, kwa sababu neno lenyewe linatuletea picha ya uchafu: tope la kijani, chura, chupa za plastiki zinaelea. Maji machafu yana madhara yake, nitafika huko. Lakini kila mbu ana maji yake.

Anofelesi, mwenye malaria, kwa asili anapenda maji yasiyo na uchafu mwingi, ya kina kifupi, yanayopigwa na jua. Alama ya kwato ya ng'ombe inamtosha, au mchirizi wa tairi la lori, au shimo lililobaki baada ya kufyatua tofali, na jaruba la mpunga kwake ni mji mkuu. Kuleksi ndiye wa karo na choo cha shimo na mtaro ulioziba, na ndiye huyu anayekuimbia sikioni saa nane za usiku. Miji ya pwani ndiye aliyeisambazia matende na mabusha. Wa tatu ni Edesi, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana wakati chandarua chako kimefungwa fundo juu ya kitanda. Huyu hana shida na mtaro wako. Anataka chombo: tairi bovu, kopo, sahani ya chini ya chungu cha maua, tanki lisilofunikwa, kifuu cha nazi kilichosahaulika nyuma ya jiko. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na ingawa walikuwa wanamsema mdudu chungu, hakuna aliyeueleza ulimwengu wa Edesi vizuri zaidi.

Na ana ujanja ambao bwana afya alinionyesha kwa ukucha. Hatagi majini. Anatandaza mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji, meusi kama vumbi la mkaa, yamegandia. Ukimwaga maji, mayai yanabaki. Yanaweza kukaa makavu miezi, kisha siku unayojaza pipa maji yanapanda, yanayagusa, yanaanguliwa. Kwa joto la Dar es Salaam inachukua kama wiki moja hadi siku kumi, yai limekuwa mbu mwenye mbawa. Kwa hiyo kumwaga peke yake ni kazi bure. Sharti usugue ukuta wa pipa kwa dodoki au brashi. Miaka yote ile nilikuwa naosha pipa kwa kuzungusha maji ndani na kumwaga, nikijiona mtu msafi.

Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Newala, kule kwa Wamakonde. Nilipopona nilimpigia simu kumweleza yaliyonipata, nikimtajia viungo, akanikatiza: "Wewe umeugua ile ya kukunja." Nikamwambia hapana Bibi, hii ni dengi, tofauti. "Nakwambia mimi naijua," akasema. "Mama yangu alitembea kama kaa."

Hakuwa ameijua hii yangu, lakini alikuwa anaongea kitu cha kweli. Mwaka 1952 uliingia ugonjwa kwenye nyanda za juu za Wamakonde ambao madaktari hawakuwa na jina lake. Homa ya ghafla, na viungo vinauma mpaka mtu hawezi kunyooka. Wamakonde wakauita kwa neno lao linalomaanisha kujikunja, na madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walipoandika taarifa zao mwaka 1955 wakalichukua jina hilo hilo: chikungunya. Leo neno hilo la Kimakonde linatamkwa hospitalini India, Brazili, visiwa vya Karibiani, na sidhani kama wengi wa wanaolitamka wanajua lilitoka Newala.

Sasa, aliyewahi kufika kule juu anajua kitu kimoja: hakuna maji. Ardhi ni ya mchanga, mvua ikinyesha inazama. Visima na mito viko chini, bondeni. Bibi anasimulia walivyokuwa wanashuka alfajiri wakiwa wasichana, wanapanda na mitungi kichwani, jua limeshakuwa kali, shingo imekufa ganzi. Maji hayo yalimiminwa kwenye mitungi mikubwa ndani ya nyumba, kwenye kivuli, na mtungi haukuwa unamalizwa. Unaongezea juu. "Maji nimeyabeba kwa shingo yangu, nikayamwage?" anauliza, na anauliza kwa hasira kana kwamba nimemwambia ayamwage leo. Watafiti walipotafuta chanzo cha homa ile waliwakuta Edesi wanazaliana humo humo, kwenye mitungi ya maji ya kunywa.

Dimbwi halikuwepo Newala. Ugonjwa uliingia kwa sababu maji yalikuwa adimu.

Lingekuwa tukio moja ningesema ni bahati mbaya. Lakini mwaka 2004 ikaja zamu ya Lamu, chikungunya ile ile, na utafiti uliofanywa baadaye ukaonyesha kwamba sehemu kubwa sana ya wakazi wa kisiwa, kama robo tatu yao, waliambukizwa. Na haukuwa msimu wa mafuriko. Mwaka ule pwani ilikuwa kavu isivyo kawaida, watu wanaweka maji ndani kwa muda mrefu, vyombo havibadilishwi kwa sababu hakuna cha kubadilishia. Kutoka hapo ugonjwa ulishuka Mombasa, ukavuka Komoro, ukafika Reunion na Bara Hindi.

Lamu ndipo inaponiuma zaidi, kwa sababu Waswahili wa zamani walishalijua tatizo hili na walilitatua kwa ustadi unaonifurahisha kila nikiufikiria. Nyumba zile za mawe zina birika, tangi la chokaa lililojengwa ukutani chumba cha kuogea. Ndani ya birika waliweka visamaki vidogo, vinakula viluwiluwi. Na kwenye sakafu ya birika waliizika bakuli ya kaure, ile ya Kichina, midomo yake ikiwa sawa na sakafu. Ya nini? Siku ya kuosha birika ukifungulia maji yote, samaki wanabaki na mahali pa kujificha. Mtu alikaa chini akamfikiria samaki siku ya usafi. Sisi tukaja tukavunja mabirika, tukaleta mapipa ya plastiki, tukamsahau samaki.

Hata jina lenyewe la ugonjwa wangu tumelisahau. Tunaandika "dengue" kwa herufi za wageni, mpaka kwenye mabango, wakati karne ya kumi na tisa Unguja walikuwa na neno lao, kidinga pepo, ambalo baadaye likawa kidingapopo, na wapo wataalamu wanaodhani neno la kimataifa lilizaliwa hapo. Mlipuko wa 1823 na ule wa 1870 ndiyo iliyobeba jina hilo. Wengine wanaosoma dalili zilizoandikwa wakati ule, hasa maumivu ya viungo yaliyokaa muda mrefu, wanasema waliougua Unguja walikuwa na chikungunya. Yaani huenda Bibi na watu wa Unguja wanaongelea kitu kimoja. Sijamwambia bado, atavimba kichwa.

Turudi Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilichelewa, Mto Ruvu ukapungua, mgao wa maji ukatangazwa. Mtakumbuka. Kwetu bomba lilikuwa linakohoa saa tisa usiku, siku usiyoijua, na mtaa mzima unaamka kwa sauti ile: ndoo zinagongana, mtoto analia, mtu anamwita mwenzake dirishani. Kila chombo chenye uwezo wa kushika maji kilijazwa. Madiaba, sufuria za shughuli, beseni la mtoto, madumu ya mafuta ya kula. Nilihesabu uani kwetu vyombo thelathini na moja, na ishirini na mbili havikuwa na mfuniko. Boza likifika lilikuwa linauza kwa bei inayokufanya uyaheshimu maji kama mgeni.

Mtu wa namna hiyo unamwambia nini? Gari la matangazo linamwambia awe msafi. Mwenyekiti wa mtaa anamwambia atapigwa faini akikutwa na maji yaliyotuama. Na yeye kayatuamisha kwa makusudi, kwa kuamka saa tisa usiku, ili watoto waende shule wameoga. Ukiniuliza mimi, dawa ya kwanza ya dengi mjini kwetu ni bomba linalotoa maji kila siku, na anayempiga faini mwenye pipa kabla ya kumpa bomba hajui hesabu. Nimewahi kuyasema haya kwenye mkutano wa mtaa. Nilipigiwa makofi na ajenda ikaendelea na suala la taa za barabarani.

Na kuna mgeni mwingine njiani. Huko Jibuti mwaka 2012 alionekana Anofelesi kutoka Asia, jina lake la kitaalamu Anopheles stephensi, ambaye ana tabia ya Edesi: anazaliana kwenye matangi na mapipa ya mjini. Jibuti ilikuwa karibu iiage malaria, mwaka ule walikuwa na wagonjwa wasiofika mia. Kufikia 2020 walivuka 70,000. Ethiopia alishaonekana, na mwanzoni mwa 2023 Kenya wakatangaza kumkuta Marsabit. Akifika hapa, ule usemi wetu kwamba malaria ni ya shamba utabidi tuutafutie kazi nyingine.

Nilisema nitafika kwenye mtaro. Msimu wa masika Kigogo kunakuwa na usiku mmoja ambao mtu asiye wa bonde hawezi kuuelewa. Mvua inapiga, na katika kelele ile watu wanatapisha vyoo, wanatoboa karo au kufungulia bomba la pembeni ili mvua iondoke na kilichomo, kuokoa hela ya gari la kunyonya. Asubuhi maji yanashuka, yanaacha madimbwi meusi kwenye vichochoro na misingi ya nyumba zisizokwisha. Watoto wanacheza. Humo ndimo kipindupindu kinamopatikana, na kuhara, na Kuleksi wanashona nguo za sikukuu.

Lakini hata hapa napata shida na ile amri ya "fukieni". Bonde la Msimbazi limefukiwa kwa vifusi na taka miaka nenda rudi, na kila tunapolifukia, maji yaliyokuwa yanapumzika kwenye matete yanahamia sebuleni. Bwawa la kudumu lenye majani na viumbe lina askari wake: vyura, visamaki, na watoto wa kereng'ende ambao wanaishi majini na kuwala viluwiluwi kama karanga. Shimo la juzi halina askari. Pipa halina askari. Tukilifukia bwawa tukaacha mashimo mia ya ujenzi, tumewafukuza polisi tukawaacha wezi. Na wale wanaomwaga oili chafu ya gereji juu ya maji, ni kweli viluwiluwi wanakosa hewa wanakufa, na chura naye, na mchicha wa anayelima chini yako naye.

Zipo njia za akili. Makunduchi, kusini Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 waliishambulia matende kwa kitu cha ajabu: chenga nyeupe za plastiki laini, jamaa wa ile nyeupe inayokuja ndani ya boksi la televisheni. Walizimwaga kwenye vyoo vya shimo vyenye maji, zikaelea, zikafunika uso mzima kama blanketi, Kuleksi akakosa pa kutaga na viluwiluwi pa kutolea pua. Wakati huo huo wanakijiji wakapewa dawa za kuua minyoo ya matende mwilini. Mbu wa usiku wakapungua mno na maambukizi yakaporomoka, yakaendelea kushuka kwa miaka bila kurudia dawa. Chenga hazioi, zinakaa. Ni teknolojia ya kumchekesha mtu, na ilifanya kazi. Kibaha nako kuna kiwanda tulichojenga kwa ushirikiano na Wakuba, kinatengeneza viuadudu kutokana na bakteria: kiluwiluwi akila, utumbo unaharibika, samaki haguswi. Juni 2017 Rais Magufuli alifika pale akakuta dawa imekaa haina wateja, akaagiza halmashauri zikanunue. Kuwa na dawa na kuwa na mtu wa kuipeleka kila wiki kwenye kila shimo ni mambo mawili, na la pili ndilo linalotushinda.

Kwangu mimi Jumamosi ni siku ya pipa. Maji yaliyobaki yanafulia, ukuta unasuguliwa kwa brashi kuanzia juu ya mstari, pipa linapigwa jua, linarudishwa likiwa na kitambaa cha chandarua kikuukuu kilichofungwa na mpira wa tairi la baiskeli. Mfuniko peke yake hautoshi, maana siku ya mgao mtoto anauacha wazi. Wapangaji wawili wameniiga. Wengine wananiita bwana afya.

Mama mwenye nyumba amejenga tangi jipya la saruji chini ya ardhi, lita elfu kadhaa, na limekuwa na mdomo wazi tangu Machi kwa sababu fundi wa mfuniko alichukua kishika mkono akahama. Nikamshauri perege wawili watatu wadogo, nikamsimulia habari za Lamu na bakuli ya kaure. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekunja mikono.

"Baba, samaki si watakunya humo?"

Nikamweleza kwamba maji yale ni ya kufulia na kudekia. Akasema atafikiria. Wiki iliyopita nimepita jioni na tochi nikamulika ndani. Hakuna samaki. Lakini juu ya mdomo kuna kanga kuukuu imetandikwa, imekandamizwa na matofali manne, maandishi yakiangalia juu.